Gharama ya Mafuta Yaotayo Shambani

Msomaji, neno debe unalijua tangu utotoni. Ukitumwa kununua mahindi Kongowea utaulizwa wataka madebe mangapi, na mwenye duka atakupimia bila ya kufikiri. Labda hujapata kujiuliza chombo hiki kilitoka wapi. Debe halikufuliwa kwa ajili ya nafaka. Mwishoni mwa karne ya 19 mafuta ya taa yalianza kuletwa kwa wingi katika bandari za pwani yetu, nayo yalikuja yametiwa katika makopo ya bati yenye pembe nne, kila kopo galoni nne, yaani kadiri ya lita 18. Mafuta yalipokwisha kopo halikutupwa. Watu walitekea maji visimani, walilikunjua wakaezekea vibanda, na wachuuzi wakalifanya kipimo cha mtama na mahindi. Mafuta yakaenda zake katika moshi, chakula kikaingia katika nafasi yake.

Chakula na mafuta, hata hivyo, vilikuwa vimekwisha kukutana kabla ya debe, na mahali pa kukutana palikuwa shambani. Hilo ndilo jambo nitakalo kukueleza. Mara nyingi katika historia ya pwani hii watu wameiambia ardhi iwape kitu cha kuwasha badala ya kitu cha kula, na kila mara bei iliyotajwa sokoni haikuwa bei kamili. Fungu lake jingine lililipwa mbali, na watu ambao mwenye taa hakuwaona.

Kabla ya mafuta ya kopo, nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Mombasa ziliangazwa kwa mafuta ya nazi na ya ufuta, ambao wengine huuita simsim. Utambi wa pamba ulilazwa katika kisahani, ukanywa mafuta, ukawaka. Ufuta ulikamuliwa katika vinu. Lamu na Unguja kinu kilizungushwa na ngamia aliyefungwa kitambaa machoni asipate kizunguzungu. Mtu aketiye barazani jioni, nyuma ya Ngome, aliona nuru. Shamba hakuliona. Shamba lilikuwa ng'ambo ya kisiwa, na kwa wingi zaidi lilikuwa Malindi. Mji huo ulikuwa mahame kwa muda mrefu, ukafufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860 katika enzi ya Seyyid Majid wa Unguja, na mara mashamba mapana ya mtama na ufuta yakafunguliwa pande zake zote.

Ufuta wa pwani haukuishia katika taa zetu. Sehemu kubwa ilipakiwa vyomboni ikapelekwa Ufaransa, katika bandari ya Marseille, ambako vilikuwako viwanda vya kukamua mafuta na kupika sabuni. Wanunuzi wa Ulaya waliuliza bei na uzito, wakaridhika. Lakini waliolima, waliopalilia na waliovuna hawakuwa na fungu katika bei hiyo, kwa kuwa walikuwa watumwa, wengi wao walioletwa kutoka nchi za kusini kandokando ya Ziwa Nyasa. Kila asubuhi mtu alipimiwa ngwe yake, na siku yake ilikuwa ndefu au fupi kwa kadiri ya nguvu za mikono yake. Walioweza kutoroka walitoroka. Wengine walifika Fuladoyo, bara ya Mombasa, ambako watoro walijenga makao yao wenyewe. Utumwa haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya hata ulipofika mwaka 1907. Sisemi kwamba ufuta ndio uliouzaa utumwa, maana utumwa ulikuwapo kabla yake. Nasema kwamba haja ya mafuta ilipokua huko ng'ambo, haja ya watumwa ilikua hapa, wala hapana kitabu cha duka la Marseille kilichoandika gharama hiyo.

Kisha likaja gari la moshi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Gari hilo halikuwa na mafuta ya kutia. Lilikula kuni, na lilikula nyingi. Miti ya karibu na njia ilipokwisha kukatwa, ikabidi miti mingine ipandwe kwa ajili ya tanuri la gari tu, ndipo mikaratusi ikaletwa kutoka Australia ikapandwa katika nchi za juu mapema karne ya 20. Huu nao ulikuwa kilimo cha mafuta, ingawa hapana aliyekiita hivyo. Mkaratusi hukua upesi, jambo lililowafurahisha wenye reli. Pia hunywa maji mengi, jambo ambalo wakulima waliokaa chini ya misitu hiyo ndio waliolijua zaidi.

Mafuta ya petroli yalipoenea, kilimo cha namna hiyo kilisahauliwa kwa muda. Mwaka 1963 kiwanda cha kusafishia mafuta kilianza kazi Changamwe, ng'ambo ya Makupa, na mafuta ghafi yakawa yakiletwa melini kutoka nchi za Ghuba hadi hapo. Mafuta haya ya kisima yana madhara yake makubwa, na sitaki uyadhanie kuwa mema. Lakini kwa jambo moja ni tofauti na ufuta: hayakai mahali pa mahindi.

Tamaa ya mafuta ya shamba ilirudi kwa nguvu mwanzoni mwa karne ya 21. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, petroli ilipanda bei hata mwezi wa Julai 2008 pipa moja likafika dola 147. Pili, wataalamu walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba moshi wa makaa ya mawe na petroli unaitia dunia joto. Basi ikaonekana kwamba shamba lingeponya magonjwa yote mawili kwa dawa moja. Umoja wa Ulaya uliweka sheria mwaka 2009 kwamba ifikapo mwaka 2020 sehemu kumi katika mia ya nguvu za kuendeshea magari na vyombo vingine vya safari itoke katika vitu visivyokwisha, na sehemu kubwa ya hiyo ilitazamiwa kutoka katika mimea. Marekani iligeuza mahindi kuwa spiriti ya kuchanganya na petroli.

Fikra yenyewe ni ya kuvutia, na haki ni kuieleza vizuri kabla ya kuipinga. Mmea ukuapo hunywa hewa ya ukaa kutoka angani. Ukichomwa huirudisha ile ile iliyonywa. Kwa hiyo, husema watetezi wake, hesabu yake ni sifuri: kilichotoka ndicho kilichoingia. Petroli hutoa ukaa uliolala chini ya ardhi tangu zama na zama, mmea hutoa wa mwaka jana. Hapo hakuna kosa la hesabu. Kosa huanza tunaposahau kuuliza shamba lilikuwa nini kabla halijawa shamba. Kama lilikuwa msitu, ule msitu ulikuwa ghala ya ukaa, na siku ulipokatwa na kuchomwa ghala ilifunguliwa yote mara moja. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walichapisha katika jarida la Science hesabu za deni hili, wakaonyesha kwamba kwa misitu mingine ya kinamasi huko Asia ya kusini mashariki mafuta ya mimea yangehitaji mamia ya miaka kulilipa. Na kama shamba lilikuwa la chakula, watu hawaachi kula kwa sababu mahindi yao yamepelekwa kiwandani. Mtu mwingine, katika nchi nyingine, atafyeka pori jingine ili kujaza pengo.

Tufanye hesabu ndogo ya kwetu. Tani moja ya mahindi hutoa spiriti ya kadiri ya lita 400. Basi gunia la Kenya la kilo 90 hutoa takriban lita 36, nazo hazijazi tangi la gari dogo. Tena spiriti ina nguvu pungufu, hata lita hizo 36 haziendi mbali kuliko lita 24 za petroli. Gunia hilo hilo ni karibu kiasi cha mahindi alacho mtu mmoja wa Kenya kwa mwaka mzima. Gari lililokwenda Voi na kurudi limekwisha kulila. Ni kweli kwamba mabaki ya mahindi baada ya kutolewa spiriti hulishwa ng'ombe, na kwa hivyo si yote yapoteayo. Lakini hesabu haibadiliki sana. Ilipofika mwaka 2011 mafungu mawili katika matano ya mahindi ya Marekani yalikuwa yakienda kwenye viwanda vya spiriti. Nchi hiyo huuza mahindi mengi duniani, kwa hiyo itakapo zaidi kwa magari yake, mnunuzi maskini wa mbali huhisi. Mwezi wa Januari 2007 watu wa Mexico waliandamana barabarani kwa sababu mikate yao ya mahindi ilipanda bei. Mahindi hayakuwa sababu peke yake, lakini yalikuwa miongoni mwa sababu.

Watu walipoliona hilo walisema: basi na tupande kitu kisicholiwa. Hapo ndipo jina la mbono kaburi lilipoanza kutajwa katika magazeti ya dunia. Mti huu unaujua. Wazee wetu waliupanda kuwa boma la mashamba na alama ya makaburi, kwa sababu mbuzi hawaugusi, una sumu. Mbegu zake hutoa mafuta. Ikahubiriwa kwamba huota mahali pakavu, kwamba hautaki mbolea wala maji, na kwamba utaifanya ardhi isiyo na faida ijae fedha. Wakulima wengi wa Kenya waliupanda kwa imani hiyo. Mwaka 2009 taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, pamoja na kituo cha dunia cha kilimo cha misitu kilichoko Nairobi na wenzao, walitoa matokeo ya kuwahoji wakulima hao na kupima mavuno yao. Mavuno yalikuwa haba mno, na mapato hayakurudisha gharama. Ushauri wao ulikuwa kwamba mbono upandwe kuwa boma tu, yaani pale pale wazee walipouweka. Mti unaovumilia ukame hauzai sana katika ukame. Kuvumilia ni jambo moja na kuzaa ni jingine, na hilo lingeweza kuulizwa kwa mkulima yeyote wa Ganze au Bamba bila ya gharama.

Lakini ushauri ulifika wakati kampuni kubwa zilikuwa zimekwisha kuanza kutafuta ardhi, na moja yake, ya Kitaliano, ilikuwa imetupa jicho Dakatcha.

Dakatcha ni nchi ya misitu mifupi na vichaka, kaskazini ya mto Sabaki, katika Magarini. Kutoka Mombasa utapita Kilifi na Malindi, uvuke mto, kisha uingie bara. Wagiriama hulima huko mananasi, mahindi na mihogo, na Waata huijua mizizi na asali ya misitu ile tangu kale. Ndimo akaamo ndege mmoja mdogo wa jamii ya mnana, mwenye jina la Clarke, ambaye hapatikani popote duniani ila katika nchi ya Kilifi. Mwaka 2009 yaliletwa maombi ya kukodi hekta 50,000 za nchi hiyo ili zipandwe mbono. Ardhi wakati huo ilikuwa ya amana, yaani baraza la wilaya ya Malindi liliishika kwa niaba ya wenyeji. Katika karatasi za maombi ya namna hii hupatikana neno moja ambalo ningependa ulitazame kwa makini kila ulionapo: ardhi tupu. Nchi isiyo na hati huitwa tupu. Nchi isiyo na ua huitwa tupu. Nchi iliyopumzishwa mwaka huu ili ilimwe mwaka ujao nayo huitwa tupu. Mwenye kuni, mwenye mizinga, mwenye mbuzi, mwenye dawa za mitishamba, hawa wote hutumia ardhi bila ya kuacha maandishi.

Wenyeji wa kaskazini ya Sabaki walikuwa na sababu ya kushtuka mapema. Mwaka 1914 Serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wagiriama kutoka upande huo huo wa mto, ikachoma nyumba zao, ikaibomoa Kaya Fungo kwa baruti, baada ya Mekatilili wa Menza na wenzake kuwakataza watu wasitoe vijana kwa kazi za mashamba ya wageni. Wakati huo nchi ile ililisha watu kwa nafaka, na akina bwana shamba wa Kizungu walitaka mikono kwa ajili ya mpira na pamba. Baada ya Vita Kuu Wagiriama walirudi. Mtu ambaye babu yake aliwahi kuvushwa mto kwa nguvu hahitaji kufundishwa maana ya kukodisha nchi.

Hata hivyo si wote walioupinga mpango. Vijana walitaka kazi, na haikuwa tamaa ya aibu, maana Magarini ni nchi ya shida. Wako waliosema mgeni njoo mwenyeji apone. Ndugu wa kijiji kimoja waligawanyika kwa jambo hilo, na mgawanyiko huo nao ni gharama, ijapokuwa hauingii katika hesabu yoyote. Mwaka 2011 mashirika ya ActionAid, RSPB na Nature Kenya yalitoa utafiti uliosema kwamba mbono wa Dakatcha, ukijumlisha misitu itakayofyekwa, ungetoa hewa chafu mara 2.5 hadi 6 kuliko mafuta ya kisima ambayo ungeyachukulia nafasi. Mashirika hayo yalikuwa upande mmoja wa shauri, na ni vyema ulikumbuke. Lakini kanuni ya hesabu yao ni ile niliyokueleza ya ghala lililofunguliwa. Mwaka 2012 halmashauri ya taifa ya mazingira, NEMA, ikaukataa mpango. Misitu ya Dakatcha ilibaki, ingawa wachoma makaa bado waliikata kwa ajili ya majiko ya Malindi na Mombasa, nasi wa mjini hatuna haki ya kujifanya hatulijui hilo.

Kisarawe, karibu na Dar es Salaam, mambo hayakwenda hivyo. Huko kampuni ya Kiingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11, ikaanza kupanda mbono mwaka 2009. Watu mamia kadhaa waliajiriwa. Wanavijiji waliahidiwa visima, zahanati na barabara, lakini ahadi nyingi zilikuwa za mdomo. Mwaka 2011 kampuni iliishiwa fedha, wafanyakazi wakaachishwa, na mibono ikabaki imesimama katika nchi ambayo watu walikuwa wakichota maji, wakichuma uyoga na kuchimba dawa. Ndipo likafunuka jambo ambalo wengi hawakulijua. Kwa sheria ya Tanzania, ardhi ya kijiji haipewi mwekezaji wa nje moja kwa moja; hutolewa kwanza katika ardhi ya kijiji ikawa ardhi ya jumla, iliyo chini ya Serikali. Kampuni ikifa, ardhi hairudi yenyewe kijijini. Kwa hiyo kijiji chaweza kupoteza shamba kwa biashara iliyoishi miaka miwili. Kilwa nako kampuni ya Kiholanzi iliyotaka hekta 34,000 ilifilisika mwaka 2010.

Sasa turudi Mombasa, maana jambo lenyewe limerudi. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Mwaka 2021 kampuni ya Kitaliano ya Eni ilitia sahihi mapatano na Serikali ya Kenya juu ya mafuta ya mimea, na mwaka uliofuata ikafungua kituo cha kukamulia mbegu Wote, katika Makueni. Mbegu hizo ni za mbarika, za krotoni na za pamba. Mwezi wa Oktoba 2022 shehena ya kwanza ya mafuta hayo ilipakiwa melini Mombasa, ikapelekwa Gela katika kisiwa cha Sicily ili igeuzwe kuwa mafuta ya vyombo.

Mpango huu si ule wa Dakatcha. Hapa mkulima hubaki na shamba lake, akauza mbegu, wala hapana hekta elfu zilizokodishwa. Kampuni imesema kwamba mbarika hupandwa katika ardhi iliyochoka, pasiposhindana na chakula. Yamkini ni hivyo katika mashamba mengi. Lakini mambo mawili yatazamwe. La kwanza ni mashudu. Ufuta ukikamuliwa mashudu yake hulishwa ng'ombe, na ya nazi vivyo hivyo. Mashudu ya mbarika yana sumu, hayalishwi mnyama mpaka yatengenezwe kwanza, basi shamba lililotoa mafuta halikutoa papo hapo chakula cha mifugo. La pili ni mvua. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika nchi kavu za Kenya, na Ukambani haukusalimika. Mkulima mwenye eka tatu, aliyeahidiwa fedha kwa kila kilo ya mbarika, huamua mwenyewe kila msimu kama ataipanda mpakani mwa shamba, pale ambapo hapakuwa na kitu, au katikati, pale palipokuwa na kunde na mahindi. Uamuzi huo hufanywa kwa jembe, alfajiri, kabla mvua haijanyesha, na huko Gela mafuta yanapoteremshwa kutoka melini hayana alama ya kuonyesha yalitoka mpakani au yalitoka katikati.